Mifuko Ishirini na Minane ya Simiti

Nilifanya kazi chini ya Kontrakta miaka sita, na sikuwahi kumwona akianza kazi ambayo hakuijua siku yake ya mwisho. Walikuwepo makontrakta wengine waliokuja Garsen na kuondoka, baadhi yao na malori yao wenyewe. Lakini ukitaja Kontrakta pale kivukoni, muuza ng'ombe, mwenye duka na wavuta kamba ya pantoni wote walijua unamsema nani: yule bwana mrefu mwenye kaptula ya kaki iliyotiwa viraka, na tumbo lenye pembe. Pembe haikuwa ya tumbo. Ilikuwa ya daftari, alilolizungushia kipande cha turubai na kulifunga kwa uzi ndani ya shati. Hakulitoa huko isipokuwa kwa kuandika au kwa kuoga, na wapo waliosema hata hilo la kuoga alisingiziwa tu.

Mimi nilikuwa mwashi, Mpokomo wa vijiji vya chini ya Garsen. Nilimwendea nikiwa na mke, watoto wawili na mwiko wangu mwenyewe, na nilijiona naijua kazi. Hakuniuliza nimejenga wapi. Aliniuliza nalaza matofali mangapi kwa siku. Nikasema mengi. Akaniambia kwamba mengi si hesabu, akanipa ukuta, akakaa juu ya debe akihesabu toka asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha akaandika nambari na kunionyesha: huyo ndiye wewe. Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikaelewa kwamba kila mtu pale alikuwa na nambari yake, mchanganya udongo, mbeba maji, hata yeye mwenyewe, na kwamba hakuwahi kumtaka mtu afanye zaidi ya nambari yake. Alitaka tu asifanye pungufu.

Kwake kazi ilianzia mwisho. Alichukua kijiti, akachora mstari mrefu ardhini, akaweka jiwe mwishoni na kusema hapo ndipo tunapokabidhi ufunguo. Kisha akarudi nyuma. Kabla ya ufunguo, milango. Kabla ya milango, sakafu. Kabla ya sakafu, paa. Kabla ya paa, boriti. Na boriti zatoka Kipini kwa mitumbwi, siku nne mto ukiwa mdogo, siku tisa ukiwa umejaa. Alirudi hivyo hatua kwa hatua mpaka akafika aliposimama, ndipo akatuambia kama tuna nafasi. Mara nyingi tulikuwa tumeshachelewa kabla ya kuchimba hata shimo moja. Mtu akilalamika kwamba kandarasi imetoa miezi zaidi, alijibu neno moja ambalo mpaka leo mafundi wa huku hulitumia bila kujua limetoka kwa nani: mto hausomi kandarasi.

Fedha alizigawa katika makopo matatu ya samli. La kwanza lilikuwa la vifaa, la pili la watu, na la tatu aliliita kopo la mto, kwa sababu mto wetu hauchukui ulichopanga kuupa, huchukua unachotaka. Kila malipo yaliyoingia yalipita kwanza humo, hata kama nyumbani kwake hakukuwa na sukari. Nilimsikia mkewe akimwomba fedha ya nyama siku ya sikukuu, na kopo la kwanza limejaa. Alimjibu kwamba pesa ya mchanga hainunui nyama. Mkewe naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Ndiye aliyetupikia kazini, na siku ile alimwambia kwamba ikiwa ni hivyo, basi wali wa vibarua si wali wa mapenzi, aandikwe naye. Kontrakta aliwaza kidogo, akasema ni kweli, akamwandika. Tangu siku hiyo mkewe alisimama foleni pamoja nasi kila Jumamosi na kupokea ujira wake mkononi, uso mkavu, kama hawajuani.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ya daftari. Aliketi mbele yetu na kusoma kwa sauti, jina kwa jina: fulani siku sita, fulani siku tano na nusu kwa sababu alikwenda kuzika, mchanga mizigo kadhaa, chokaa mapipa kadhaa. Aliyeona amekosewa alisema hapo hapo mbele ya watu wote. Aliyenyamaza hakuruhusiwa kunung'unika Jumapili. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa watu wa pwani ya Kipini, kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi niliyesoma kidogo shule ya misheni sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Lakini niliyajua yaliyomo, kwa sababu niliyasikia kila wiki.

Mzee mmoja wa Kiorma aliyetukodisha punda wa kubeba mchanga alikuwa akilicheka daftari lile. Alisema yeye ana ng'ombe mia na zaidi na hajaandika hata mmoja. Wakashindana. Kontrakta akamtaka ataje mizigo yote ya mwezi mzima, siku kwa siku. Mzee akafumba macho akataja, Kontrakta akifuata kwa kidole. Walitofautiana mzigo mmoja tu, na ilipofuatiliwa ikaonekana aliyekosea ni Kontrakta. Alifuta, akaandika upya, akamlipa. Wakawa marafiki kuanzia hapo, ingawa kila mmoja aliendelea kuamini kwamba mwenzake anajisumbua bure.

Asidhani mtu kwamba namsifu mtakatifu. Ulimi wake ulikuwa mkali, na sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Alitubomolea ukuta mzima kwa sababu timazi ilionyesha umelala upana wa kidole, akatulipa kuujenga tena, lakini hakutusemesha wiki nzima. Alikuwa mwizi wa bao. Mtu aliyeweza kurudi njia ya nusu siku kurudisha senti aliyozidishiwa dukani, aliiba kete mchana kweupe, na ukimkamata alisema bao si kandarasi. Na yeye aliyejenga miaka yote kando ya mto hakujua kuogelea. Kwenye pantoni alisimama katikati kabisa, akafumba macho, akashika shati la mtu wa karibu mpaka tugonge ukingo.

Alikuwa pia na ukurasa aliouita makosa yangu. Nilidhani ni pale anapoandika vipimo alivyokosea. Siku moja alisoma: makosa yangu, matofali mia tatu na siku tatu za mwashi. Siku tatu zile zilikuwa zangu. Nilikuwa nimemjengea mjane wa kivukoni chumba, baada ya mto kumchukulia kibanda chake, na Kontrakta ndiye aliyenituma. Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema kontrakta anayetoa matofali bila malipo amekosea, na kosa lazima liandikwe, la sivyo mwisho wa mwaka atafikiri ameibiwa.

Sasa niseme habari ya dispensari, maana ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa machoni pa watu.

Serikali ilitaka dispensari pale Garsen. Mkataba ulikuwa wazi: serikali italeta simiti na mabati, Kontrakta ataleta watu, mchanga, matofali na boriti. Atalipwa kwa mafungu matatu, msingi ukimalizika, kuta zikifika juu ya madirisha, na siku ya kukabidhi ufunguo. Kukabidhi kulitakiwa kabla ya mvua kubwa. Alichora mstari wake ardhini, akarudi nyuma, akasema safari hii tunayo nafasi, lakini ni nyembamba kama uzi.

Lori la simiti lilikwama kwenye matope ya mvua ndogo, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Mzee wa punda akaitwa, akaileta simiti yote mjini kwa siku mbili. Kontrakta alisimama mlangoni mwa stoo akihesabu, akaandika mifuko ishirini na minane. Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi wa majenzi, Mzungu mmoja mgeni katika wilaya, na karatasi iliyosema mifuko arobaini. Alimtaka Kontrakta atie sahihi kwamba ameipokea. Kontrakta akasema atatia sahihi ya ishirini na minane. Mkaguzi akasema karatasi haina nafasi ya ishirini na minane.

Ile kumi na miwili ilikwenda wapi, mimi sijui mpaka leo. Watu walisema mengi. Mimi sikuona, kwa hiyo sisemi.

Mkaguzi alizuia fungu la pili la fedha mpaka sahihi ipatikane, na akaamuru kazi isimame. Kontrakta hakusimamisha. Alituita akatueleza hesabu upya mbele ya wote. Simiti iliyopo itatosha msingi na sakafu peke yake. Kuta za juu tutajenga kwa chokaa ya pwani, ambayo atainunua yeye, na chokaa hukauka polepole, kwa hiyo lazima tuanze kesho. Mtu mmoja akakumbusha kwamba tumeamriwa kusimama. Alisema mkataba unamtaka akabidhi kabla ya mvua, haumtaki akabidhi baada ya kupendwa.

Tukajenga. Kopo la vifaa likaisha kwa chokaa. Kopo la watu likaisha. Kopo la mto likafunguliwa, nalo likadumu Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu alisoma daftari kama kawaida, jina kwa jina, kisha akasema hana cha kutoa. Niliona watu wakiangaliana.

Jumamosi ya nne ilipopita vilevile, mimi ndiye niliyetumwa kuzungumza naye, na hili sikulisema kwa miaka mingi. Nilimkuta jikoni kwa mkewe. Nilimwambia watoto wangu wamelala kwa embe mbichi siku mbili, na wenzangu ni vivyo hivyo, na kwamba sahihi ni wino tu. Nikamwambia, "Bwana Kontrakta, tia sahihi tumalize. Nani atakuja kuhesabu mifuko iliyokwisha kuwa ukuta?"

Hakukasirika. Aliniambia niketi, mkewe akanipa uji, na nilipomaliza ndipo akanijibu.

"Ukuta ndio utakaohesabu," alisema. "Ukipasuka mwakani, watafungua karatasi, waone mifuko arobaini, waulize ilikwenda wapi. Na karatasi itakuwa na sahihi yangu. Watasema Mwafrika alipewa simiti akaila. Baada ya hapo, fundi, si mimi tu nitakayekosa kazi. Na wewe hutapewa kandarasi, na mtoto wako hatapewa."

Nikasema hayo ni ya kesho, njaa ni ya leo. Mkewe ndiye aliyenijibu. Alisema, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, kwamba mabati yaliyo juu ya vichwa vyao hayajaandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Nyumba ya Kontrakta ilikuwa mojawapo ya nyumba chache za mabati pale Garsen zisizokuwa za wenye maduka. Kesho yake, mchana, mbele ya watu, alipanda juu yake mwenyewe na kung'oa bati baada ya bati, mkewe akipokea chini. Msomali mwenye duka la karibu aliyanunua yote, na nasikia alimpa bei nzuri kuliko aliyoombwa, kisha akawakataza watu kulizungumza. Jioni ile tulilipwa wiki zote mbili tulizodai. Nilipopokea changu sikuweza kumtazama. Alinisomea siku zangu kama alivyonisomea siku zote, na akaita jina linalofuata.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipopita Garsen katika safari zake, mkaguzi alimshitaki Kontrakta kwamba amekaidi amri na amekula mali ya serikali. Shauri likasikilizwa palepale kwenye dispensari, kiti cha Bwana Shauri kikiwa juu ya sakafu yetu mpya, kuta zikiwa zimekwisha na paa bado. Tulikuwa watu wengi, tumesimama hata nje ya madirisha. Mkaguzi alitoa karatasi yake. Kontrakta alifungua shati mbele ya watu, akafungua uzi, akatoa daftari. Karani aliyekuwa akitafsiri alilitazama, akamwambia Bwana Shauri kwamba ni maandishi ya Kiarabu. Mkaguzi akasema hicho si kitabu cha hesabu, ni mikwaruzo, na hakiwezi kuwekwa mbele ya karatasi ya serikali.

Hapo Kontrakta akasema maneno ambayo Garsen yote ilikuja kuyajua.

"Yeye aandika kutoka kushoto, mimi naandika kutoka kulia. Mfuko wa simiti haujui umehesabiwa kutoka upande gani."

Akaanza kusoma. Alisoma toka siku ya kwanza: kila kibarua, kila mzigo wa mchanga, kila mtumbwi wa boriti. Bwana Shauri alimwacha. Nafikiri mwanzoni alimwacha kwa sababu jua lilikuwa kali na hapakuwa na haraka, lakini baada ya muda aliona jambo tulilolizoea sisi. Kila jina liliposomwa, mwenye jina aliitikia kutoka dirishani kwamba ni kweli. Niliitikia na mimi. Mke wa Kontrakta aliitikia kwa upishi. Alipofika kwenye mifuko ishirini na minane, Bwana Shauri aliuliza ni nani anayeitikia hapo.

Mzee wa punda akaingia, fimbo mabegani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alisema, "Mimi nabeba. Punda saba, mara nne. Kila punda mfuko moja. Lori nabaki tupu, mimi naangalia ndani." Mkaguzi akauliza mtu asiyejua kusoma atakumbukaje mambo ya miezi iliyopita. Mzee alimtazama kwa huruma, akamwambia farasi aliyekuja naye siku ile ya karatasi alikuwa na kidonda mguu wa nyuma wa kushoto, na kwamba alimtia dawa isiyofaa. Watu wakacheka.

Ingekuwa hadithi, ningesema tulishinda. Bwana Shauri aliamuru Kontrakta alipwe fungu la pili, na la tatu akikabidhi, na aandikiwe mifuko ishirini na minane. Lakini alisema pia kwamba mtu aliyeamriwa kusimama akaendelea hawezi kupewa tena kazi ya serikali katika wilaya ile. Mkaguzi alihamishwa, wala sikusikia kama aliulizwa lolote. Kontrakta alisikiliza mpaka karani akamaliza kutafsiri, akauliza swali moja tu, mabati yatafika lini, kwa sababu mvua imebakiza wiki tatu.

Tulikabidhi ufunguo siku nne kabla ya mvua. Maji yalipofurika mwaka ule yalifika kwenye ngazi ya pili ya dispensari, yakakaa, yakarudi. Kuta hazikupata hata ufa.

Baada ya hapo kazi zilipungua. Vibarua walitawanyika, mimi nikapata kazi kwa wenye maduka, na Kontrakta akawa anasikika huku na huku, kisima hapa, ghala pale. Hakurudishia paa lake mabati. Alifunika makuti akasema yana baridi nzuri. Wapo waliomwita mjinga. Walisema mwenye akili angetia sahihi na leo angekuwa na lori. Waliposema hivyo mbele yangu nilinyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Nilimwona mara ya mwisho kuelekea mwisho wa miaka ile ya hamsini, kule Kau. Nilikwenda kununua boriti, nikasikia nyundo, nikafuata. Alikuwa amekonda, na jicho moja limeingia ukungu, akilaza matofali yeye mwenyewe kwa kuwa mikono ya watu wa pale ilikuwa bado haijajifunza. Wanakijiji walikuwa wamechanga wajijengee shule. Wameomba ruhusa misimu mitatu, wakaambiwa wangoje, wakachoka kungoja. Pembe tatu za jengo zilikuwa zimeshasimamishwa. Kona ya nne bado ilikuwa nyasi.

Alinisalimu kama tuliachana jana. Akaniuliza siku yangu sasa ni shilingi ngapi. Nilipomwambia, alisema nimejishusha, na kwamba Kau hawawezi kunilipa hata hiyo, akauliza kama nina jambo la kufanya leo. Nikasema nilikuja kwa boriti. Akasema boriti hazikimbii. Nikavua shati.

Hatujafika mbali, akaja askari wa ofisi kwa mtumbwi, kijana wa kibara mwenye sare iliyomzidi, na barua ya kusimamisha jengo. Wanakijiji wakaacha kazi wote kwa mara moja. Kontrakta akaichukua barua, akaishika mbali na jicho lake zima, akamwomba askari amsomee. Askari akasoma. Ilisema ujenzi usio na kibali ukome mara moja.

Kontrakta alimshukuru kwa safari ndefu. Alimwambia barua imefika na imesikika, na amwambie aliyemtuma hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Akaagiza aletewe maji na samaki. Kisha, askari alipokwisha kula na kunawa, alimwuliza kwa adabu, kama mtu anayeomba kiberiti, amshikie ncha ya kamba pale kwenye nyasi, kwa kuwa jicho lake halioni tena kama kona imenyooka.

Yule kijana alitazama kamba, akatutazama. Nadhani alitafuta katika barua neno lililomkataza. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye ukuta wetu, akachuchumaa, akaishika.

"Kaza kidogo," Kontrakta alimwambia. "Hapo. Usitikisike."

Nikaanza kuchimba.